Mutu wa Ndani ya Chungu

Juzi mu soko ya Birere niliona mama mumoja anagonga chungu kwa kidole, anasikiliza. Mama yangu pia alikuwa anavigonga hivyo, vyungu alivyofinyanga kwetu Katoyi. Mie mutoto nilizani kuna mutu ndani.

«Mama, anasema nini?»

«Anasema wende kuoga!»

Leo najua alikuwa anatafuta ufa. Chungu kizima kinalia, chenye kupasuka kinanyamaza.

Mchana mumoja, moshi wa majani ya kuchomea vyungu ungali unanuka, baba mudogo Kamanzi alikuja na fimbo. Baba alikuwa amekufa, na Kamanzi alitaka parsele, kiwanja chetu. Alivunja vyungu vyote. «Toka kwa ndugu yangu!»

Kamanzi angali anaishi pale, anazeeka muzuri.

Siku ile nilitafuta watu mu vile vipande, sikuona mutu. Kisha nikamugonga mama, aliyekuwa ameketi kando, mugongoni, kwa kidole. Hakuitika.