Vifaranga Laini vya Kahonzi

Kahonzi wa Jilore, mama yake Karisa, alikuwa na ulimi mkali na kuku wa kidimu, wale wenye manyoya yaliyopinda nyuma utadhani wamepigana na upepo. Waganga walikuja kuwanunua kutoka hata Magarini.

Mwaka ule wa themanini na tano, matetea wake walitaga tu, hakuna aliyetaka kuatamia. Akampelekea jirani yake Hannah mayai kumi na mawili, baba kidimu mama kidimu, yaatamiwe na kuku wa Hannah, vifaranga wagawane nusu kwa nusu.

Wakaanguliwa kumi. Manyoya yalipoota, Kahonzi akaja kutazama mali yake. Watano vidimu safi. Watatu laini kama kuku wa mtu yeyote. Wawili karibu uchi, manyoya yakikatika, wamejikunyata juani.

"Hawa laini ni wa nani?"

"Wetu, Mama Karisa. Ndio waliotoka."

"Kidimu hazai laini! Umekula mayai yangu ukatia ya kwako."

Angelisema pale uani tu, lingekwisha. Lakini alilibeba hadi bombani, saa ya foleni: Hannah mwizi wa mayai, na kanisani hukaa benchi la mbele! Wanawake wakacheka. Hannah alimrudishia Kahonzi vifaranga wote kumi ndani ya kapu, na tangu siku hiyo akawa anateka maji mtoni. Na mtoni kuna mamba.

Wachache walimwambia Kahonzi amezidi. Ili awakomeshe, akamfungia tetea wa kidimu bandani na jogoo wa kidimu, mwezi mzima, ufunguo kifuani kwake. Mara hii tetea alikubali kuatamia, uvunguni mwa kitanda cha Kahonzi mwenyewe.

Wakatoka wanane. Kahonzi akasubiri manyoya. Wanne vidimu, wawili laini, wawili uchi.

Bwana mifugo alipopita na chanjo ya kideri, Kahonzi akamwuliza kwa sauti ndogo isiyo yake.

"Ndivyo walivyo, mama," alisema yule bwana. "Kila kifaranga hupokea mbegu moja kwa baba, moja kwa mama. Ya kupinda ikikutana na ya kunyooka, hakuna inayoifunika nyingine kabisa, ndipo unapata kidimu. Za kupinda zikikutana mbili, kupinda kunazidi, manyoya hayashiki, ndio hao uchi. Za kunyooka mbili, ni laini."

"Hata kama hakuna aliyebadilisha mayai?"

"Nani abadilishe?"

Kahonzi hakuweza kumtazama usoni.

Jioni alikwenda kwa Hannah na tetea mzuri kwapani. Hannah alikuwa akichambua mchicha.

"Mwenzangu, nilikosea."

"Ulikosea wapi?"

"Juu ya mayai."

"Sikuulizi juu ya nini. Nakuuliza wapi."

Akamrudishia tetea wake.

Asubuhi Kahonzi alifika bombani foleni ikiwa ndefu. Ulimi uliozoea kukimbia ukawa mzito kama gunia la chumvi. Akamwinua kifaranga uchi juu, mbele ya macho yote.

"Huyu ametoka chini ya kitanda changu! Na laini wametoka humo humo. Hannah hakuiba kitu. Mwenye makosa ni mimi."

Wanawake wakacheka tena. Safari hii walimcheka yeye, naye akasimama akachekwa mpaka wakachoka.

Siku ya tatu ndoo ilitua nyuma ya yake. Hakuthubutu kugeuka.

"Sogea, Mama Karisa," Hannah alisema. "Maji yanamwagika."