Kijiji Kilichojimudu Kupita Kiasi

Raili Kenttälä alikuwa mwenyekiti wa chama cha kijiji cha Ylikaltio kwa sababu wenyeviti wote waliomtangulia walikuwa wamekwisha kuzikwa. Hakugombea. Siku ya mazishi ya mwenyekiti wa mwisho alikabidhiwa ufunguo wa nyumba ya kijiji na birika kubwa la kahawa, na watu wakaendelea kula. Alikuwa mjane wa miaka sitini na miwili, mwanamke wa maneno machache hata kwa kipimo cha Lapland, kaskazini kabisa mwa Ufini, ambako mtu akisema sentensi tatu mfululizo majirani huuliza kama anaumwa.

Nyumba ile ya mbao ndiyo iliyobaki kukizuia kijiji kisife. Shule ilikuwa imefungwa, duka likafuata, kisha posta. Humo watu walipigia kura na kunywa kahawa baada ya mazishi, na mara moja kwa mwezi nesi alikuja kuwapima shinikizo la damu. Paa lilivuja, na mbao za sakafu karibu na jiko zilikuwa zimeoza, hata watu wanene walikuwa na njia yao ya kuzunguka.

Sasa kulikuwa na Mfuko. Mfuko huo ulichangiwa na nchi kadhaa ili kuendeleza maeneo ya mbali ya kaskazini, na mtu asidhani kwamba ulitengeneza mapaa. Kutengeneza paa ni jambo la kizamani. Mfuko ulitoa fedha kwa mambo mapya, tena yafanywe na vijiji vya nchi tatu vinavyoshirikiana, ingawa mara nyingi vijiji hivyo vilikuwa havijapata kusikiana. Binti wa Raili, Saija, aliyefanya kazi ofisini mjini Oulu, safari ya kutwa kuelekea kusini, aliujua mchezo huo. Akaandika ombi. Nyumba ya kijiji ingegeuzwa Kituo cha Huduma za Pembezoni, na ingeshirikiana na kijiji kimoja cha Norwe na kisiwa kimoja cha Uskoti. Paa jipya lilitiwa humo katikati, kama kidonge kinavyofichwa ndani ya kipande cha nyama mbwa asikiteme.

Sehemu kubwa ya ombi hilo Raili hakuielewa, wala hakujisumbua. Alielewa jambo moja: Kituo kingekuwa na mratibu wa kulipwa, na mratibu huyo lazima aishi Ylikaltio. Nafasi ingetangazwa kwa haki kama sheria inavyotaka, na angeipata Saija, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye digrii aliyekuwa radhi kuishi mahali ambapo wakati wa Krismasi jua halichomozi kabisa. Saija mwenyewe alitaka kurudi. Alikuwa amesema, "Nikipata kazi huko, nakuja," na Raili aliyashika maneno hayo kama watu wengine wanavyoshika sala.

Mwezi wa tisa ikaja habari kwamba wakaguzi wa Mfuko watafika Alhamisi kujionea hali. Jumatatu jioni Saija akapiga simu.

"Mama, nisikilize vizuri. Usiguse kitu."

"Sigusi."

"Ndoo ibaki palepale inapokinga maji. Sakafu nayo hivyohivyo. Watu wanakuja kuona shida. Wakikuta hakuna shida, pesa watampa nani?"

"Nimesikia. Mimi si mtoto."

"Na wakikuuliza, sema. Usije ukawaambia tunajimudu."

"Saija, chakula changu kinaungua," Raili alisema, na jikoni kwake hapakuwa na chakula.

Jumanne asubuhi alikwenda nyumba ya kijiji kupiga deki. Kupiga deki si kugusa. Lakini sakafu ilipotakata, ile ndoo katikati yake ikawa kama tusi. Raili alilelewa na mama ambaye alifua mapazia kila aliposikia kwamba mchungaji amevuka mto, hata kama mchungaji alikuwa akienda kwingine. Akajiuliza mgeni akikuta ndoo atasemaje. Akampigia Oiva, mdogo wa marehemu mumewe, mfugaji wa kulungu wa nchi za baridi, amletee ngazi na turubai. Paa lifunikwe kwa siku moja tu, wageni wakiondoka turubai litolewe.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ylikaltio wana msaragambo wao, kazi ya pamoja ya kujitolea, wanauita talkoot. Hautangazwi, hauna mahudhurio, na malipo yake ni kahawa na supu. Mtu akiona ngazi imeegemezwa kwenye nyumba ya kijiji na moshi unatoka jikoni, hawezi kupita na gari lake. Anaweza kumdhulumu ndugu yake kipande cha shamba miaka thelathini na usiku akalala usingizi mzuri, lakini ngazi ile haimpi njia.

Oiva alipanda, akachungulia, akashuka.

"Shemeji, turubai hapa ni sawa na kumvika maiti kofia."

"Funika tu. Saija kasema tusiguse."

"Nina mabati ya banda jipya yamekaa bure. Kulungu wangu hawasomi magazeti, hawatajua kama banda lao limechelewa."

"Oiva, nimesema ufunike."

"Na mimi nimekusikia. Weka kahawa."

Raili angeweza kukataa kuweka kahawa. Bila kahawa watu wangekaa kidogo, wangekohoa, wangeondoka. Akaiweka. Kabla ya mchana magari yalikuwa yamejipanga barabarani, na jirani mmoja mwenye nyonga ya chuma alikuwa amelala ubavu akipigilia misumari sakafuni, akikataa kusaidiwa kuinuka mpaka amalize safu yake.

"Huyu tukimwacha hapo wakaguzi watamhesabu ni samani," Oiva alisema.

"Nipe misumari, wewe, uache mdomo."

Jumatano jioni nyumba ilikuwa na paa jipya, sakafu ya msonobari iliyonukia utomvu, na kuta nyekundu zilizopakwa rangi ya akiba ya mtu fulani. Wazee wale walikuwa na furaha ambayo hawakuwa nayo tangu duka lifungwe. Raili naye alipaka madirisha rangi nyeupe, akijua fika anachofanya, kama mlevi anavyoijua glasi itakayomwangusha na akainywa.

Alhamisi Saija alikuja na wakaguzi kutoka uwanja wa ndege ili awatafsirie. Gari lilipokata kona na paa likaonekana, alikuwa katikati ya kueleza jinsi hali ilivyo mbaya. Hakuimalizia sentensi.

Mkuu wa wakaguzi aliitwa Birgit Vestergaard, Mdenishi mpole mwenye viatu vya kupandia milima. Alizunguka nyumba, akagusa ukuta, akatazama rangi iliyobaki kidoleni. Kisha wakakaa kula supu ya samoni, mkate wa shayiri, na jibini iliyookwa na kumwagiwa matunda ya manjano ya kinamasi. Kijiji chote kilikuwapo, kila mtu amevaa shati safi.

"Tuambieni wenyewe," Birgit alisema, na Saija akatafsiri. "Ni nini kinachowapungukia?"

Watu wakatazama vikombe vyao. Kumlalamikia mgeni, tena akiwa anakula, ni jambo ambalo Ylikaltio huliweka fungu moja na ulevi wa asubuhi. Macho yote yakamgeukia mwenyekiti.

Maneno Raili alikuwa nayo. Yalikuwa machache, hata yeye angeyaweza: tunakosa vijana, na mmoja wao ndiye huyu anayetafsiri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hapa hata kuinama kulikuwa kumerahisishwa, kwa kuwa wageni walikuwa wamesafiri kutoka mbali mahsusi kuja kumwona akiinama. Mgongo ukakataa.

"Tunajimudu," akasema.

Saija hakutafsiri. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "jaribu tena."

"Waulize kama wataongezewa supu."

"Shemeji," Oiva akanong'ona, "si useme hata kwamba panya wanatusumbua?"

"Hakuna panya katika nyumba yangu."

Basi Saija akatafsiri kwamba wanajimudu, na Birgit akaliandika neno hilo huku akiitikia kwa kichwa kwa heshima.

Kabla ya Krismasi Mfuko ulikataa ombi. Kijiji hakikuonekana kuwa na uhitaji. Lakini Birgit alikuwa ameguswa mno na aliyoyaona, na kwa haraka ambayo paa la Ylikaltio halikupata kuifaidi, fedha zikapatikana kwa mradi mwingine wa kuzifundisha jamii za pembezoni kujitegemea kwa msaragambo. Nchi tano zilishiriki. Ofisi iliwekwa Kopenhageni, karibu na wataalamu. Alitakiwa mratibu anayejua Kifini na aliyekulia ndani ya talkoot, na Birgit alimkumbuka yule mtafsiri. Kazi ya Saija kule Oulu ilikuwa inakwisha, na kodi ya nyumba haisubiri mtu aone huruma. Akakubali. Raili alipoambiwa kwa simu alisema ni jambo zuri, akakata, akaenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimekwisha kupasuliwa.

Watu wa Mfuko hawakuwa wabaya, na lisemwe hilo wazi, maana aliye mbali ndiye rahisi kulaumiwa. Walikuja na macho, wakaonyeshwa uongo uliopakwa rangi, na aliyewaonyesha ni mtu mkweli kuliko wote kijijini. Kiburi kikivaa nguo za usafi hata mchungaji hukisifu, na mwenye nacho hukiita malezi.

Mwezi wa tano Raili alialikwa Kopenhageni kuwasimulia maofisa siri ya kijiji chake. Oiva alimpeleka uwanja wa ndege.

"Shemeji, ukifika huko ukaona paa lao linavuja, tafadhali liache."

Ukumbi ulijaa. Kila mtu alikuwa na visikilizio, na nyuma kabisa, ndani ya kijumba cha kioo, alikaa Saija na kipaza sauti chake, tayari kutafsiri. Birgit akamkaribisha Raili jukwaani kwa maneno matamu, akamwuliza siri ya Ylikaltio ni nini.

"Hakuna siri," Raili alisema. "Mlipokuja kutuuliza tunakosa nini, nilidanganya. Tunakosa watu. Baridi hii tumezika wawili katika wale waliotengeneza lile paa. Hao mnaotaka kuwafundisha kujimudu, waulizeni kwanza wamebaki wangapi." Akashika meza. "Na mimi nina binti. Namtaka arudi nyumbani. Ndiye huyo mnayemsikia masikioni mwenu."

Masikioni mwao kukawa kimya. Watu wengine waligusa visikilizio vyao wakidhani vimeharibika. Kisha sauti ya Saija ikaja, tambarare kama ya mtu anayetangaza treni, akatafsiri yote, na sentensi ya mwisho nayo hakuiruka.

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Birgit alifuta machozi. Katika taarifa ya mkutano iliandikwa baadaye kwamba washiriki waliguswa na uhusiano mzuri wa vizazi katika maeneo ya kaskazini.

Saija alimkuta mama yake kwenye korido, amesimama mbele ya mashine ya kahawa asiyojua pa kuibonyeza. Akambonyezea.

"Nimeshatia saini, mama. Miaka mitatu."

"Najua."

"Maneno hayohayo ungeyasema mwezi wa tisa, leo ningekuwa nyumbani."

Raili alionja kahawa, akakunja uso, akaimeza kwa sababu alikuwa ugenini.

"Mwezi wa tisa kulikuwa na wageni," akasema.

Saija akamwuliza ndege yake inaondoka saa ngapi.