Alichosema Luteni

Nilimwahidi Mama Zawadi kwamba nikiandika habari za kijiji chetu sitamsafisha baba yangu. Tulikuwa nje ya kanisa, Granville, ibada imekwisha. Tangu tulipokutana tena huku Australia, yeye humpita baba bila kumsalimia. Siku hiyo alinisimamisha mimi.

"Msomi," aliniambia, "andika. Ila usimusafishe papa yako."

Siku ninayoiandika ilikuwa ya soko, kama nyingine yoyote. Mama yangu alikuwa akianika mihogo. Mimi, mwenye miaka kumi na minne, nilikuwa nikinung'unikia zoezi la Kifaransa. Vita vya kwanza vya kwetu vilikuwa vimekwisha na vya pili havijaanza. Kati ya vita hivyo viwili walikuja walinda amani, wakapiga kambi kilimani. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, akawa mkalimani wao.

Adhuhuri tuliitwa uwanja wa mpira. Luteni wao alitaka vijana waliokuwa wakilinda kijiji wakabidhi bunduki. Kiongozi wa vijana hao, mume wa Mama Zawadi, aliuliza swali moja: waasi wakirudi, nani atatulinda?

Luteni alijibu kwa Kifaransa, polepole. Alisema kikosi chake kitafanya kinachowezekana, kwa kadiri amri zitakavyoruhusu.

Baba akawageukia watu. "Anasema watatulinda."

Kwa Kifaransa changu cha shule niliisikia tofauti. Nilidhani baba amefupisha tu, nikajivunia jinsi watu walivyomwamini. Mume wa Mama Zawadi aliweka bunduki yake chini wa kwanza, akatania kwamba nyumbani kwake sasa silaha iliyobaki ni ulimi wa mkewe. Watu walicheka. Hata Mama Zawadi alicheka.

Wiki ya tatu, asubuhi, magari ya deraya ya walinda amani yaliteremka kilimani yakielekea mjini. Baba alikimbia kando ya gari la luteni akiuliza. Luteni alijibu kwamba amri imetoka. Gari halikusimama.

Waasi walifika kabla ya saa sita.

Tulikimbilia mtoni.

Mume wa Mama Zawadi na wanawe wawili walibaki darajani na fimbo, ili sisi wengine tuvuke.

Tuliovuka hatukugeuka.

Mama Zawadi hakupata hata mwili mmoja wa kuzika.

Chuoni hapa Sydney nilisoma miaka iliyotenganisha vita viwili vikuu vya dunia. Mataifa yaliapa kulindana, katika mikataba iliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa ili taifa lolote lisilazimike kutuma askari hata mmoja. Wanyonge walisoma humo ahadi. Wenye nguvu walijua hawakuahidi kitu. Mhadhiri aliuita huo udhaifu wa utaratibu, kisha akafungua ukurasa uliofuata. Nilimchukia kwa utulivu wake. Bado sijajuta.

Jioni ya siku ya mhadhara huo nilimkuta baba akivaa kizibao chake cha kazi, tayari kwenda ghalani. Nilimuuliza kwa nini hakutafsiri alichoambiwa.

Alifunga zipu kwanza. "Ningesema alivyosema, nani angeweka bunduki chini? Niliitaka amani, mwanangu. Niliitaka kuliko yeye."

Nilimfungulia mlango. Luteni hakusema uongo, na ndiyo maana siwezi kumsamehe: alijiachia njia ya kuondokea, akaondoka. Baba aliwaficha watu njia hiyo kwa sababu hakutaka kuamini kwamba ipo. Nia yake ilikuwa njema. Watu walikufa kwa kumwamini.

Jumapili iliyopita nilimsomea Mama Zawadi kurasa hizi. Alisikiliza mpaka mwisho, mkoba wake mapajani.

"Kumbe na weye ulisikia," alisema.

"Nilisikia, Mama."

"Na ukanyamaza."

Alinyanyuka, akaelekea kituo cha treni. Alikuwa na zamu Campbelltown, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tangu siku hiyo, nami hanisalimii.

Ndugu msomaji, kama ulikuwa uwanjani siku ile, una haki ya kutunyima salamu, mimi na baba yangu. Ninakuomba jambo moja tu. Utakapowasimulia watoto wako yale baba aliyosema, waambie pia alichosema luteni.