Bei Zilizobaki Daftarini

Kliniki za mtaa wetu wa Kabeza hubandika mabango makubwa ya meno yanayong'aa na vipimo vya kila aina, lakini bei hazibandiki. Nilijifunza mwenyewe kutengeneza programu ya simu ili wagonjwa wazione bei hizo, nikaanza kupita kliniki moja moja nikiuliza. Mhudumu mmoja wa mapokezi alinipima kwa macho. "Kaka, unaumwa au unanunua nyanya? Bei utaijua ukishamwona daktari." Niliwadharau wote wanaoficha bei, na bado nawadharau.

Kisha jirani yangu, fundi cherehani, alivimba kifundo cha mkono. "Mdogo wangu, hiyo simu yako inasemaje? Picha ya eksirei ya mkono ni bei gani?"

Bei za kliniki tano zilizokubali kunijibu nilikuwa nazo daftarini. Nikamwambia asubiri, programu haijakamilika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nahangaika na rangi ya kitufe, nikiogopa kuonyesha kazi yenye kasoro.

Alisubiri siku nne, cherehani imefunikwa. Ya tano aliingia kliniki ya karibu, akalipa karibu mara mbili ya bei ya chini niliyoiandika. Mfupa ulikuwa umepasuka. Hakunilaumu, aliuliza tu kama programu sasa iko tayari.

Nikamjibu, bado kidogo.