Ngoma ya Khamala na Vidonge vya Manjano

Khamala alikuwa fundi wa viatu hapa Kabiro, na siku za kazi hakuna aliyemjali. Jumapili ndipo alipokuwa mtu. Kanisa letu ni la kanzu nyeupe na ngoma, na ngoma kubwa ilikuwa yake. Akiipiga, hata mimi ninayekwenda kanisani kwa ajili ya ngoma tu, nilikuwa naruka mpaka kilemba kinaanguka.

Shida ilikuwa kichwa. Kipandauso kilimshika upande mmoja, akatapika, akajifunika blanketi mchana kutwa asitake kusikia hata sufuria ikikwaruzwa. Mwaka huo wa 1998 kilimjia karibu kila wiki, na kilipenda sana Jumapili. Mzee Isaac, kiongozi wetu, alisema ni pepo. Basi tukamkemea huyo pepo, tukamzunguka mgonjwa tukipiga kengele karibu na masikio yake. Mpaka leo naona aibu.

Kanisa lilikataza dawa. Lakini Khamala alikuwa amechoka, akaenda kimyakimya kwa Ndinda, nesi mwenye kliniki ndogo kule kituo cha matatu cha 46. Ndinda akampa kopo la vitamini B2, ameze kila siku kwa miezi mitatu. Alimwambia wazi kwamba haitatuliza kichwa kikishaanza, na kwamba si kila mtu husaidika, ila huenda ikapunguza mara kinapokuja. Akamwonya pia jambo moja dogo, ambalo Khamala alilifungia moyoni.

Mwezi wa tatu wa kumeza vidonge, kichwa kilimshika mara moja tu. Tuliruka! Halafu Jumapili moja, katikati ya wimbo, kopo likamtoka mfukoni likabingirika hadi miguuni pa Mzee Isaac. Mzee akasimamisha ibada, akamnyang'anya Khamala vijiti, akamwambia achague: dawa au ngoma.

Bila ile ngoma Khamala angebaki na soli za watu tu maisha yake yote. Akajitetea kwamba ile si dawa, ni chakula. Nesi alisema vitamini hiyo hiyo imo kwenye maziwa, maini na mboga.

"Sawa," Mzee Isaac akasema. "Kama ni chakula, hapa hakuna mtu anakula peke yake."

Ndiyo sheria yetu: chakula kikiingia kanisani hubarikiwa na kugawanywa. Mzee akabariki vidonge, akagawa, yeye akachukua vinne kwa sababu ya cheo. Mimi nilimeza kimoja kwa chai, sitaki kusema uongo. Khamala alitazama kopo lake likiisha, akafungua mdomo aseme jambo, kisha akaufunga. Vijiti Mzee akaenda navyo nyumbani, eti mpaka aliombee suala hilo.

Kufika saa tisa alasiri, mkojo wa kanisa zima ulikuwa manjano, manjano ya jerikeni la mafuta ya kupikia. Watu walitoka chooni bila kutazamana. Dada Jentrix akaanza kutubu dhambi ambazo hakuna aliyemuuliza, na nyingine zilimhusu mume wangu. Mzee Isaac alipotoka chooni alisema amepata safari ya ghafla.

Asubuhi yake Khamala alikwenda kuomba kopo lingine. Nikamfuata, maana nilitaka kujua kama ninakufa. Kwenye benchi la Ndinda tulimkuta Mzee Isaac bila kanzu, ameshika kichupa cha mkojo kilichofungwa kwa gazeti.

Khamala akaketi kando yake. "Mzee, hii ni foleni ya chakula?"

Mimi nikauma leso nisicheke. Lakini Khamala hakuendelea kumtania. Alimwinamia akamweleza kwamba ile rangi ni ya vitamini tu, nesi alimwonya tangu mwanzo, na itaisha yenyewe. Mzee akashusha pumzi mpaka benchi likalia. Akakitia kichupa mfukoni, akainuka, akafika mlangoni, akasimama.

"Jumapili fika mapema," akasema bila kugeuka. "Upitie vijiti kwangu. Hiyo ngoma imelegea, uiweke juani ikaze kabla watu waingie."