Pa Kumketisha Mama Mkwe

Uwanja wa mpira mimi siuhukumu kwa nyasi. Nyasi ni za wachezaji. Nauhukumu kwa kiti, na kabla hujacheka, jua unasoma maneno ya mtu aliyeshona viti vya nusu ya magari yanayopita Jeppestown. Shule niliishia darasa la tano, Lubumbashi. Nilipofika Johannesburg nilikuwa na sindano ya mkono na namba ya simu ya mtu aliyekuwa ameshahama. Leo nina karakana yenye cherehani nne za kushonea ngozi, na wenye magari wa Sandton, kwa matajiri, wanateremka mpaka kwangu, wanasubiri kwenye benchi kama watu wengine. Kwa hiyo nikisema kiti ni kibaya, ni kibaya.

Na nimezunguka. Kuanzia 2015 mpaka 2019 timu yangu ilipokwenda nami nilikwenda, kwa pikapu yangu na mafuta yangu. Durban kiti kinaushika mgongo vizuri, na hewa ya bahari inakufanya usahau kwamba mmefungwa. Nelspruit wamepanga viti vyeusi na vyeupe, ukitazama kwa mbali unaona pundamilia mkubwa amelala. Mara ya kwanza nilishangaa kazi ile mpaka goli likaingia nimeinamia mguu wa kiti. Cape Town ni pazuri, sikatai, ila watu wa upande niliokaa walipiga makofi kama waliohudhuria mahafali ya mtoto wa mtu mwingine. Bloemfontein mwezi wa tano, baridi ya plastiki inakupanda kutoka makalioni mpaka kwenye meno.

Namba moja ni ule wa hapa kwetu, pembeni mwa Soweto, wenye umbo la chungu. Ukiingia mara ya kwanza unanyamaza, hata mimi nilinyamaza, na mke wangu ni shahidi kwamba hilo halitokei.

Wa mwisho sitautaja jina. Uko mashariki mwa jiji, mdogo, na zaidi ya jukwaa moja la wakubwa hauna kiti hata kimoja. Ni ngazi za saruji tupu na mteremko wa nyasi, na upepo ukivuma unakuletea vumbi la njano la machimbo ya zamani mpaka ndani ya chakula. Nilikwenda mara moja, nikarudi na suruali imepauka nyuma, nikaapa mbele ya mafundi wangu kwamba makalio yangu hayatarudi pale.

Mwaka 2017, baada ya Pasaka, mama mkwe wangu alikuja kutoka Lubumbashi kuona wajukuu. Ni mjane, anauza unga sokoni. Miaka yote ya ndoa yake alisikiliza mpira kwenye redio pamoja na marehemu mumewe, na mzee yule hakumpeleka uwanjani hata siku moja. Alisema uwanjani ni mahali pa wanaume. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nilikuwa nimeahidi kupitia simu ya mke wangu kwamba mama akifika nitampeleka kwenye uwanja mkubwa kuliko vyote vya Afrika. Wiki tano zikapita kwa kanisa na wageni. Ikabaki Jumamosi moja, maana Jumatatu alikuwa anapanda basi la kurudi, na kwa umri wake na urefu wa ile safari hakuna aliyejua kama angekuja tena. Ama aingie uwanjani Jumamosi ile, ama arudi kwenye redio yake.

Bahati nzuri timu yangu ilikuwa inacheza kwenye chungu. Nikanunua tiketi tatu, nikamwekea mke wangu mezani.

Akazisoma. "Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita," akasema. "Papa, hizi ni namba za nini?"

"Za viti. Mstari mmoja, tunaona goli lote."

"Na mama yangu atakaa wapi?"

Hapo ndipo nilipokaa chini. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hamkai mstari mmoja, hamli mkitazamana, na neno likiwepo linapitia kwa mtu wa tatu. Wiki tano zile mama alikula jikoni nami sebuleni, na tukikutana kwenye korido mmoja anarudi nyuma. Katika miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kunisemesha. Mimi fundi wa viti nimenunua viti vitatu vilivyogusana.

"Wewe utakaa katikati," nikasema.

"Nikienda chooni mtabaki mnaangaliana?"

"Basi nibadilishe changu, nikae mbele."

"Umpe mama mgongo saa mbili nzima?"

"Nyuma, basi."

"Na kupita? Watu wanapita wakisugua magoti. Utampita mama yangu kwa tumbo au kwa makalio?" Alikuwa ameshaanza kucheka. "Na goli likiingia, papa. Wewe goli likiingia unamkumbatia yeyote aliye karibu. Nimekuona ukimbusu polisi."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilipita kichwani viwanja vyangu vyote, kiti kwa kiti, na kila kimoja kilikuwa na kosa lile lile: viti vizuri sana, vyenye namba, vimebanana. Palikuwa na mahali pamoja tu, kule kwenye ngazi za saruji, ambapo mtu anakaa anapotaka na kuacha nafasi anayotaka. Na Jumamosi hiyo hiyo timu mbili ndogo zilikuwa zinacheza pale. Tiketi za chungu niliwapa mafundi wangu. Walipouliza mimi naenda wapi, niliwaambia naenda harusini.

Tukafika. Mama mkwe alikaa nyuma ya pikapu na binti yake, mimi mbele peke yangu kama dereva wa balozi. Nilikuwa nimeshona mto wa sponji nzito, ngozi ya kahawia, mshono mara mbili, nikamkabidhi mke wangu amkabidhi mama. Wao wakakaa ngazi ya tatu kutoka chini. Mimi nikapanda mpaka ngazi ya kumi, pembeni kidogo, nikakalia saruji.

Mpira ukaanza. Dakika chache tu nikaona mama anamvuta mke wangu sikio. Mke wangu akageuka kuniita, lakini vuvuzela hazikumpa nafasi. Kati yetu alikaa bibi mmoja Mzulu mwenye blanketi begani, na ngazi ya juu yake jamaa mnene mwenye kofia ya mgodi iliyochorwa rangi. Mke wangu akamwambia bibi, bibi akamwambia jamaa, jamaa akanigeukia.

"Baba, bibi yule wa chini anauliza kwa nini mwenye filimbi amenyamaza."

"Mwambie beki amegusa mpira kwanza."

Jibu likateremka. Swali lingine likapanda: yule namba saba ana mke? Mbona anakimbia kama hajala? Baada ya la nne, bibi wa blanketi akasimama, akatutazama juu na chini, akamuuliza mke wangu kitu. Kisha akacheka mpaka akajishika goti. "Mkhwenyana," akamwambia jamaa wa kofia, akininyooshea kidole. "Hlonipha."

Mkwe. Heshima. Hawa watu wana desturi kama yetu, na mimi nimekaa nao miaka kumi na tano nikidhani ni yetu peke yetu. Jamaa wa kofia akatikisa kichwa kwa huruma, akasogea akakaa katikati yangu na mama kabisa, akawa ukuta. Na alikuwa mtu wa upana wa kutosha.

Goli la kwanza nilimkumbatia yeye. La pili watu waligawanyika, wengine wakisema mfungaji ameotea. Chini nikamwona mama mkwe amesimama juu ya mto wangu mzuri, mikono hewani, akiwafokea wachezaji kwa Kiswahili cha Lubumbashi, na mtandio uko shingoni. Mtu angeniambia huyu ndiye mwanamke anayerudi nyuma kwenye korido, ningekataa.

Akakaa. Akamvuta tena binti yake. Safari hii maneno yalikuwa mengi, na mke wangu alimtazama mama yake kwanza kabla ya kuyapitisha. Bibi akayapokea, akayafupisha. Jamaa akanigeukia taratibu.

"Anasema amechoka kutazama mpira na mtu asiyeweza kubishana naye," akasema. Kisha akaongeza neno la mwisho la mama, kwa Kizulu, na halikuhitaji mkalimani. "Uthi imbuzi, baba."

Mama anasema mbuzi. Kwetu kuna mbuzi wa kuondoa ile haya. Mkwe anamtoa, mama mkwe anamla pamoja naye, na tangu siku hiyo wanaweza kukaa na kuzungumza. Lakini siku hiyo anaitaja mama, na mkwe haulizi. Wapo wanaozeeka wakisubiri. Mimi, mwenye mdomo mkubwa kuliko wote Jeppestown, sikuwahi kuthubutu kudokeza.

Dakika zilizobaki sikuziona. Jamaa wa kofia ndiye aliyeniambia matokeo.

Jumapili baada ya kanisa nilimpata mbuzi kwa mfugaji kusini mwa jiji, dume jeupe lililopiga kelele njia nzima, na kila roboti, yaani taa ya barabarani, ikiwa nyekundu magari ya jirani yalifungua vioo kusikiliza. Wazee wawili wa kwetu wakaja kushuhudia. Tulikula sahani moja, mama na mimi, bila kutazamana sana, kwa sababu miaka kumi na moja haiishi kwa mchuzi mmoja. Akanawa mikono, akarudi jikoni kwake. Nikaanza kuogopa kwamba nimeitimiza ile desturi vibaya.

Jumatatu kituoni nilipakia mwenyewe mizigo yake. Mto ule wa uwanjani alikataa uwekwe chini pamoja na mizigo, akaubana kwapani. Kisha akaja akasimama mbele yangu, karibu, akanitazama usoni. Ni mwanamke mfupi kuliko nilivyodhani.

"Mukwe," akasema. "Lile goli la pili. Ameotea yule."

"Hapana, mama. Beki wa kushoto alikuwa amebaki nyuma."

"Alibaki wapi? Mimi nilikuwa chini pale pale. Wewe ulikuwa juu, unaona vichwa."

"Mama, ni juu ndipo mtu anaona mstari."

"Mstari gani? Uwanja wote vumbi."

Dereva akapiga honi. Mke wangu alikuwa ameegemea pikapu, analia na kucheka kwa pamoja. Honi ikapigwa tena, na mama mkwe alikuwa bado amenishika mkono wa shati, ananionyesha kwa kidole pale kwenye sakafu ya kituo beki alipokuwa amesimama.