Siku Nilipofagia Visu vya Anti Doreen

Jamani, kwa aibu niliyoipata St Marys, mpaka leo nikishuka stesheni ile natembea nikiangalia chini, lakini msinicheke kabla hamjafika mwisho.

Nilikuwa kibarua pale wanapochimba mabaki ya kale ya Waaborijini, wenye nchi hii (kazi yangu ndoo na ufagio, shule yangu iliishia njiani), na asubuhi hiyo wajukuu wa Anti Doreen, bibi wa Kiaborijini anayesimamia uchimbaji, walikuwa wanakuja na darasa lao kuona vitu vya mababu zao, nami nikavaa blauzi nyeupe ya kanisani kwa ajili ya picha. Kufika, naona vipande vya chupa vimetandazwa chini kwenye kitambaa, pale pale watoto watakapokaa. Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Kigoma, miguu peku, chupa iliyovunjika huipiti hivi hivi, unaiokota kwanza ndiyo unasalimia watu. Basi nikafagia vyote, nikatupa kwenye pipa kubwa la taka, tena nikajisifu.

"Anti, nimeshasafisha, watoto hawatakatwa."

Akatazama kitambaa kitupu. "Binti yangu, umetupa visu vya bibi zangu."

Ndipo akanieleza: wazungu walipokuja kuchukua ardhi, wazee wake waliokota chupa walizotupa wazungu hao, wakazichonga kwa ustadi ule ule wa kuchonga mawe, zikawa visu vya kukatia nyama na kuchongea mikuki. Nikaingia pipani na blauzi yangu. Darasa likanikuta miguu juu, kichwa kwenye maganda ya ndizi (mmoja akauliza kama na mimi nimechimbuliwa). Vyote vikapatikana isipokuwa kile cha kijani, anachokipenda Anti kuliko vyote, nami nikaanza kulia.

"Bibi," akasema mjukuu wake mdogo, "kipo kwenye rasta zake."

Wakacheka mpaka basi. Anti akakichomoa, akaniwekea kiganjani, akanionyesha ukingo wenye meno madogo kama msumeno. Nikamkumbuka mama, alivyokata kopo la mafuta ya msaada likawa koroboi ya kusomea. Nikamwambia.

"Mama yako na bibi yangu wangeelewana," akasema. "Waambie na hawa."

Nikasimama mbele ya darasa, ganda la ndizi begani, na Kiingereza changu cha kuungaunga, nikawaeleza habari za mama na za bibi zao, na sijawahi kujiona mrefu vile.

Ufagio bado ninao. Ila siku hizi nikikuta kipande cha chupa, nauliza kwanza kilikuwa cha nani.